Kampuni iko Nairobi, maamuzi yako Kampala

WASSWA: Karibuni. Leo tunazungumzia familia zenye kampuni mama Kampala na kampuni tanzu Nairobi au Kigali. Dada Akello, wengi wanaamini cheti cha usajili kikishatoka Nairobi, URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, haina chake pale.

AKELLO: Cheti ni kigezo kimoja tu. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ina vitatu vya kuihesabu kampuni mkaazi wa Uganda kwa kodi, na kimoja kikitimia kinatosha: kampuni imesajiliwa Uganda, usimamizi na udhibiti wake umefanyika Uganda wakati wowote ndani ya mwaka wa mapato, au sehemu kubwa ya shughuli zake iko Uganda. Hicho cha pili ndicho kinachonasa familia, kwa sababu hakidai mwaka mzima wala nusu yake.

WASSWA: Na nyumbani mzee ndiye anaamua.

AKELLO: Meneja wa Nairobi hanunui lori, hakopi benki, habadilishi bei mpaka mzee aliyekaa Kololo, hapa Kampala, aitikie kwenye WhatsApp. Muhtasari wa kikao unatumwa umeshachapwa, wakurugenzi wa kule kazi yao ni kutia sahihi. Mkaguzi wa kodi mwenye akili anaanza na barua pepe na majina ya watia sahihi benki. Muhtasari anauacha mwisho.

WASSWA: Mahakama zimesemaje?

AKELLO: Iko kesi ya Uingereza ya mwaka 1959, Unit Construction dhidi ya Bullock. Kampuni tatu zilisajiliwa Kenya, na katiba zao zilikataza bodi kukutana Uingereza. Lakini kampuni mama ya London ndiyo iliyoamua mambo makubwa, basi zikahesabiwa wakaazi wa Uingereza. Ajabu ni kwamba walipakodi wenyewe ndio waliotaka hivyo, iliwapa nafuu ya kodi. Msumeno hukata mbele na nyuma.

WASSWA: Kenya inatoza asilimia 30, sisi 30. Hasara iko wapi?

AKELLO: Mkaazi anatozwa mapato ya dunia nzima, na faida inahesabiwa upya kwa kanuni za Uganda. Kodi uliyolipa nje inakatwa, ila haizidi kodi ya Uganda kwa mapato hayohayo, na uwe na ushahidi wa malipo. Chukua kampuni ya Kigali yenye faida ya shilingi milioni 100. Kwa kiwango cha Rwanda cha asilimia 28 imelipa milioni 28, hapa inaongeza milioni 2. Inavumilika. Sasa iwe na msamaha wa kodi kule: hakuna cha kukata, milioni 30 zote zinadaiwa Kampala. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi; deni likikaa miezi 36, riba peke yake ni milioni 21.6. Adhabu ya kutowasilisha ritani sijaigusa.

WASSWA: Mkataba wa kuzuia kodi mara mbili hausaidii?

AKELLO: Na Kenya au Rwanda hatuna mkataba wa nchi mbili unaofanya kazi, na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 2010 haujaanza kutumika. Nchi mbili zikidai ukaazi, hakuna kifungu cha kuzitenganisha.

WASSWA: Familia ifanye nini?

AKELLO: Itenganishe maamuzi ya mwenye hisa na ya bodi. Kuongeza mtaji, kuteua wakurugenzi, kuuza kampuni: mzee aamue Kampala bila wasiwasi. Bei, mikopo, ajira na mikataba ya wateja viamuliwe na bodi ya Nairobi, yenye wakurugenzi wengi wanaoishi kule na wanaoijua biashara. Wapewe nyaraka siku kadhaa kabla. Muhtasari useme kikao kilikaa wapi, nani alipinga, kwa nini pendekezo lilibadilishwa. Bodi isiyowahi kumkatalia mzee hata mara moja inatia shaka. Sahihi za benki zihamie kule pia.

WASSWA: Vikao vya Zoom?

AKELLO: Kila mmoja aandikwe alikuwa wapi. Mzee asiwe mwenyekiti akiwa Kampala.

WASSWA: Na mtoto mrithi akihamia Nairobi, akiendesha kampuni mama kutoka huko?

AKELLO: Hapo KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nayo ina hoja, maana Kenya pia inaangalia usimamizi na udhibiti. Kampuni ya Kampala inabaki mkaazi wa Uganda kwa usajili, halafu inakuwa mkaazi wa Kenya. Kabla hajafunga mizigo, bodi ya Kampala ipate mkurugenzi mtendaji anayeishi hapa, mwenye mamlaka ya kweli ya kutumia fedha.