Kwa Nini Maabara za Vyuo Vikuu Hupelekeana Nzi na Minyoo

Watazamaji wangu mlioko nyumbani, karibuni. Kila ninapotaja kwamba huku ughaibuni ninafanya kazi katika maabara ya jenetiki, wengi wenu hudhani kwamba tunashinda tukipima damu za watu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu urithi imetokana na viumbe wa mfano, yaani nzi wa matunda, minyoo, hamira, samaki wadogo na panya, na leo nataka kueleza kwa nini maabara moja peke yake haitoshi kuwachunguza.

Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia, Thomas Hunt Morgan alimwona nzi dume mwenye macho meupe miongoni mwa wenzake wenye macho mekundu, na kwa kufuatilia jinsi weupe huo ulivyorithiwa, alionyesha kwamba jeni ya rangi hiyo hubebwa na kromosomu ya jinsia, yaani uzi wa jeni unaohusika na kuamua jinsia. Nzi hawa hufaa kwa sababu kizazi kimoja hukamilika kwa takriban siku 10, na kwa sababu takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na maradhi ya binadamu zina jeni zinazofanana nazo ndani ya nzi. Baadaye mwanabiolojia Sydney Brenner alimchagua mnyoo mwenye urefu wa milimita 1, ambaye akikomaa ana seli 959 za mwili, 302 kati ya hizo zikiwa za neva, na kila moja inajulikana ilikotoka.

Ushirikiano huanza na kupeana viumbe wenyewe. Mtafiti anayehitaji nzi mwenye jeni fulani iliyoharibika hahitaji kumtengeneza upya, kwani huweza kumwagiza kutoka hifadhi ya Bloomington katika Chuo Kikuu cha Indiana, na minyoo hutoka hifadhi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, wakisafirishwa katika visahani vyenye bakteria wa kuwalisha. Minyoo wana bahati, au tuseme wanaowatunza ndio wenye bahati, maana huweza kugandishwa katika nitrojeni ya kimiminika na kuzinduliwa miaka mingi baadaye. Nzi kwa kawaida hutunzwa wakiwa hai, wakihamishwa kutoka chupa hadi chupa, kizazi baada ya kizazi, na nasaba, yaani ukoo wa nzi wenye jeni fulani, ambayo mtu ameisahau rafuni hutoweka. Kazi hiyo ya kuhamisha nzi haisifiwi na mtu yeyote, lakini bila hiyo makala nyingi za kisayansi zisingeandikwa.

Hata hivyo, kuwa na kiumbe yuleyule hakuhakikishi kupata jibu lilelile. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, John Crabbe na wenzake walipima tabia za nasaba zilezile za panya katika maabara tatu, za Portland na Albany nchini Marekani na Edmonton nchini Kanada, wakilinganisha vifaa, umri wa panya na hata saa ya kuanza vipimo. Tofauti kubwa kati ya nasaba zilijitokeza kila mahali, lakini baadhi ya matokeo yalitegemea maabara. Mpimaji mmoja wa Edmonton alikuwa na mzio wa panya, hivyo alivaa kifaa cha kupumulia, na hakuna ajuaye panya walimchukuliaje kiumbe huyo anayevuma kama mashine. Kwa maoni yangu, utafiti huo ungepaswa kusomwa na kila mwanafunzi kabla hajakabidhiwa mnyama wa kwanza, kwa sababu jeni inayoonekana kuathiri woga katika chumba kimoja huenda inaathiri tu namna mnyama anavyokichukulia chumba hicho.

Somo hilo lilijirudia kwa minyoo. Maabara tatu za Marekani, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Oregon na Chuo Kikuu cha Rutgers, zilishirikiana kupima kemikali zinazoweza kurefusha maisha yao, na mwanzoni hazikukubaliana hata juu ya umri wa minyoo wasiopewa kitu. Watafiti walipochunguza, waligundua kwamba baadhi yao walihesabu umri tangu yai lilipotagwa na wengine tangu lilipoanguliwa. Baada ya kusawazisha taratibu, maabara zilikaribiana sana, na tofauti kubwa iliyobaki ilikuwa kati ya jaribio na jaribio ndani ya maabara ileile, kwa mikono ileile.