Wamelala Wapi? Makaburi ya Wanasiasa wa Kaunti ya Sumter, Georgia

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Mada ya leo ni nyembamba: wanasiasa wa kaunti moja ya mashambani, kusini mwa Marekani, wamezikwa wapi, na mtu anapataje uhakika. Kaunti yenyewe ni Sumter, jimbo la Georgia. Msikilizaji kutoka Kenya akisikia kaunti asipige picha ya Nakuru au Kilifi. Georgia peke yake ina kaunti 159, na Sumter haikufika watu 30,000 katika sensa ya 2020. Makao yake makuu ni mji wa Americus. Ukienda magharibi kama kilomita 16 unafika Plains, mji mdogo wenye watu wasiofika 600. Katika ardhi hiyo ya karanga na pamba wamelala Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, Mwanasheria Mkuu wa serikali ya shirikisho, na Rais.

Hilo si la ajabu ukijua siasa za Georgia zilivyoendeshwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, uteuzi wa wagombea wa chama cha Democratic ulipigiwa hesabu kwa kaunti, si kwa vichwa vya watu. Kaunti 8 kubwa kabisa zilipewa kura 6 kila moja, 30 zilizofuata kura 4, na 121 zilizobaki kura 2. Kaunti tatu za vichakani zilitosha kuisawazisha kaunti ya Fulton, yenye sehemu kubwa ya mji wa Atlanta. Ndiyo maana mwanasiasa wa mashambani alikuwa mtu mzito, na ndiyo maana kaburi lake mara nyingi lina jiwe kubwa kuliko mji alikotoka.

Tuanze na makaburi ya Oak Grove, mjini Americus. Hapo yupo Charles Frederick Crisp, aliyezaliwa Sheffield, Uingereza, tarehe 29 Januari 1845, akaletwa Marekani akiwa mtoto mchanga. Alipigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawa wakili, kisha jaji. Aliingia Baraza la Wawakilishi 1883 na akawa Spika kuanzia 1891 hadi 1895. Alifariki tarehe 23 Oktoba 1896. Kaunti jirani ya Crisp, iliyoundwa 1905, ina jina lake.

Sasa sikilizeni, maana watafutaji wengi hukosea hapa. Crisp alifia Atlanta. Griffin Bell, mzaliwa wa Americus aliyekuwa Mwanasheria Mkuu chini ya Rais Carter kuanzia 1977 hadi 1979, naye alifia Atlanta, Januari 2009. Wote wawili walirudishwa nyumbani wakazikwa Oak Grove. Mtafutaji anayeanza na mahali pa kifo atazunguka makaburi ya Atlanta siku nzima. Mwanasiasa wa mashambani alifuata kazi, mahakama au hospitali mjini, lakini maiti ilirudi kwenye kiwanja cha familia. Kwa hiyo anzeni na kiwanja cha familia. Tafuteni wazazi wake na mkewe wamezikwa wapi kabla hamjamtafuta yeye.

Georgia ilianza kuandikisha vifo kwa jimbo zima mwaka 1919. Kifo cha baada ya hapo kwa kawaida kina cheti, na cheti kina sehemu ya mahali pa kuzikwa, tarehe ya maziko na jina la mhudumu wa mazishi. Kumbukeni tu kwamba cheti huhesabiwa kwa kaunti alikofia mtu. Aliyefia Atlanta, cheti chake kitafutwe kwanza kaunti ya Fulton. Pia msomeni mhudumu wa mazishi kwa tahadhari: aliandika kile kilichopangwa, wakati mwingine kabla ya jeneza kushuka. Na akiandika "Plains" bila zaidi, huenda ametaja mji tu, si makaburi. Kwa kifo cha kabla ya 1919, kama cha Crisp, tegemeo ni magazeti ya Americus ya wiki ile, kumbukumbu za kanisa, na jiwe lenyewe.

Kosa la pili ni majina. Katika Oak Grove hiyo hiyo yupo mtoto wake Spika, Charles Robert Crisp, aliyefariki Americus mwaka 1937. Alimalizia kipindi cha baba yake bungeni, kisha akarudi kukaa tangu 1913 hadi 1932. Baba na mwana, jina la kwanza moja, kiti kimoja, makaburi mamoja. Ukiandika "Charles Crisp, mbunge, Oak Grove" umeandika watu wawili katika mstari mmoja. Andikeni majina yote matatu na mwaka wa kifo, kila mara.

Plains ina mtego kama huo, na huu umewanasa wengi zaidi. Nje kidogo ya mji yapo makaburi ya Lebanon. Pale yupo James Earl Carter, mkulima na mfanyabiashara aliyeingia bunge la jimbo mwanzoni mwa 1953 na kufa kwa saratani mwezi Julai mwaka ule ule. Yupo pia mkewe Lillian, aliyefariki 1983, na mtoto wao Billy, aliyegombea umeya wa Plains mwaka 1976 akashindwa. Mtu anaona jina James Earl Carter, anapiga picha, anaandika kwamba Rais amezikwa Lebanon. Sivyo. Huyo ni baba. Rais Carter, mwenye jina lile lile, alizikwa tarehe 9 Januari 2025 kwenye uwanja wa nyumba yake mwenyewe mjini Plains, kando ya bwawa, pembeni mwa mkewe Rosalynn aliyetangulia Novemba 2023.

Kabla ya urais na ugavana, Carter alikaa kwenye bodi ya shule ya kaunti ya Sumter kuanzia 1955, kisha akawa seneta wa jimbo. Kwa kazi yetu, cheo cha bodi ya shule kina uzito sawa na cha urais. Orodha ya wanasiasa wa kaunti ni ya sherifu, karani wa mahakama, mkusanya kodi, wajumbe wa bodi na madiwani. Na hakimu wa mirathi: vitabu vya Georgia vya kabla ya katikati ya miaka ya 1970 vinamwita "ordinary", na asiyejua hilo hulipita jina zima.

Mipaka nayo imehama. Sumter ilikatwa kutoka Lee mwaka 1831, na mwaka 1857 sehemu yake ilimegwa kuunda kaunti ya Schley. Kwa hiyo mjumbe wa Sumter wa mwaka 1850 anaweza kuwa amelala Schley leo bila mwili wake kusogezwa hata hatua moja.

Tuje kwenye jiwe. Mawe ya karne ya 19 mengi ni marumaru, na Georgia kaskazini ina machimbo makubwa ya marumaru. Marumaru ya kale yakipigwa na mvua hulegea juu; ukipitisha kidole unahisi chembe kama sukari. Herufi zinafutika kuanzia kingo. Granaiti, ambayo katika jimbo hilo huchongwa hasa Elberton, hushika maandishi vizuri zaidi.

Jiwe lisilosomeka lisisuguliwe. Dawa yake ni mwanga. Jua likiwa juu kabisa saa sita mchana, maandishi hupotea. Likipita ubavuni mwa jiwe, kila herufi hupata kivuli chake. Jiwe likiwa kivulini, simameni na kioo kikubwa, kama kile cha kuvalia nguo, mahali penye jua, mtupe mwanga uteleze juu ya uso wa jiwe kutoka pembeni. Anayeshika kioo na anayepiga picha wawe watu wawili. Unga, chaki na povu la kunyolea vinaingia kwenye vitundu vya marumaru na kuyaharibu polepole. Msivitumie.

Ikibidi kuosha, na mwenye makaburi amekubali, gongeni kwanza kwa kifundo cha kidole. Likilia kama tupu, au likimwaga magamba, liacheni. Likiwa zima, lilowesheni kwa maji safi, tumieni brashi laini ya nailoni, anzeni chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuzeni kwa maji mengi. Dawa ya klorini, ile tunayoiita jiki, huacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi ikikauka hupasua uso. Brashi ya waya huacha chembe za chuma zinazoshika kutu. Mashine ya maji ya presha inang'oa kwa dakika moja kile ambacho mvua ingekimaliza kwa miaka hamsini.

Kuna mawe yasiyotoa tarehe ya kuzaliwa, bali umri: miaka, miezi, siku. Tufanye hesabu kwa tarehe za Crisp. Kutoka 29 Januari 1845 hadi 23 Oktoba 1896 ni miaka 51, miezi 8 na siku 24. Sasa rudini nyuma kana kwamba hamjui alizaliwa lini. Toeni miaka 51: 23 Oktoba 1845. Toeni miezi 8: 23 Februari. Toeni siku 24: 30 Januari. Tumekosa kwa siku moja, na hakuna aliyekosea hesabu. Ni kwa sababu miezi haina siku sawa. Kwa hiyo tarehe iliyopatikana kwa njia hii iandikwe kuwa ni ya kukokotoa. Na tarehe za tarakimu tupu Marekani hutanguliza mwezi: 10/12 ni Oktoba 12. Andikeni jina la mwezi.

Kaburi lisilo na jiwe nalo lina alama. Wakristo wa huko kwa kawaida walizika kichwa magharibi, miguu mashariki, mume kusini na mke kaskazini kwake. Tafuteni bonde dogo la urefu wa mtu, lenye mwelekeo huo, jiwe la shambani lililosimikwa, miti ya mwerezi, au zulia la vinka, mmea unaotambaa, lililobaki kijani wakati wa baridi. Mengine yana kibao cha chuma cha nyumba ya mazishi chenye kadi chini ya kioo. Wino ukipauka, pigeni picha na mwongeze utofauti wa rangi kwenye simu. Nendeni Januari au Februari, majani yakiwa yamelala na nyoka wametulia. Makaburi yakiwa ndani ya shamba la mtu, ombeni ruhusa kwanza.

Mahali pa kaburi, yaani latitudo na longitudo yake, paandikwe kwa nyuzi za desimali, tarakimu tano baada ya nukta, ambazo ni usahihi wa kama mita moja. Chini ya miti simu hukosea zaidi, kwa hiyo chukueni vipimo vitatu. Na longitudo ya Georgia ni hasi. Plains iko karibu na 32.03, -84.39. Sahauni alama ya kutoa, na kaburi litaangukia Tibet.

Nimeacha jambo zito kwa mwisho. Orodha ya vyeo ya kaunti hii haitoshi. Septemba 1868 bunge la Georgia liliwafukuza wajumbe wake weusi kwa rangi yao, wakarejeshwa 1870 baada ya shinikizo la shirikisho. Baadaye uteuzi wa wagombea wa chama cha Democratic ukafungwa kwa wazungu peke yao, hadi mahakama ilipoukataza 1946. Kwa miaka hiyo yote, viongozi wengi wa kisiasa wa watu weusi wa Sumter hawamo kwenye vitabu vya vyeo, na makaburi yalitenganishwa kwa rangi kama shule. Mjini Americus, Julai 1965, wanawake wanne weusi walikamatwa kwa kusimama kwenye mstari wa kupigia kura wa wanawake wazungu. Mmoja wao alikuwa mgombea katika uchaguzi ule ule. Huyo ni mwanasiasa wa kaunti, na anastahili mstari wake kama Spika.

Kwa watu kama yeye, msianze mahakamani. Anzeni na vijitabu vya ibada ya mazishi, vile vyenye picha jaladani, ambavyo familia huviweka ndani ya Biblia na makanisa huviweka kabatini. Ukurasa wa maisha ya marehemu hutaja alichogombea na alichosimamia. Ukurasa wa mwisho hutaja nyumba ya mazishi, wabeba jeneza, na makaburi kwa jina. Pigeni picha kurasa zote, hata za nyimbo, kisha mrudishe kijitabu siku hiyo hiyo.

Asanteni. Sasa tupokee maswali.