Punda Milia wa George Stubbs

Ndugu wasikilizaji, anzeni kuitazama picha hii tumboni mwa mnyama. Milia inashuka ubavuni, kisha inakoma. Tumbo ni jeupe. Punda milia wetu wa Serengeti hayuko hivyo, milia yake hufika hadi tumboni. Tazameni na koo: kuna ngozi inayoning'inia. Halafu juu ya kiuno, karibu na mkia, mistari mifupi imepangana kama vipago vya ngazi. Dalili hizo zinatosha kumtambua: ni punda milia wa milimani, wa Afrika Kusini.

Aliyemchora ni Mwingereza George Stubbs, mwaka 1763. Mnyama aliletwa London mwaka 1762 kutoka Rasi ya Tumaini Jema, akapewa Malkia Charlotte, na watu wakamiminika kumwona. Stubbs alikuja na macho yaliyofunzwa. Miaka michache kabla, kijijini Horkstow, alikaa takriban miezi 18 akipasua mizoga ya farasi: anachuna ngozi, anaondoa msuli mmoja mmoja, anachora, mpaka anafika kwenye mfupa. Kazi ya kinyaa, tena ya kuchosha mno, na mimi naiheshimu kuliko picha zake zote za farasi wa matajiri. Enzi hizo wanyama wa mbali walichorwa mara nyingi kwa kunakili picha za wengine, kosa la mmoja likarithiwa na wote. Stubbs hakunakili. Kinachonisumbua ni msitu ule wa Kiingereza aliomsimamisha ndani yake. Mnyama wa majabali hakustahili miti hiyo.

Sasa tazameni picha yake nyingine, huyu kangaruu wa Australia, ya mwaka 1772. Joseph Banks, mtaalamu wa viumbe aliyesafiri hadi huko na baharia Mwingereza Kapteni Cook, alimletea Stubbs ngozi tu, na inasemekana mchoraji aliipuliza hewa ili apate umbo. Mkono ni ule ule, lakini mwili umekuwa mnene na laini. Mifupa huioni inapofanya kazi. Angejuaje anavyoruka?

Hata hivyo ni picha ya kangaruu iliyochongwa kwenye bamba na kuchapishwa mwaka 1773 katika habari za safari ya Cook, akawa ndiye kangaruu waliyemjua Waingereza wengi. Picha ya punda milia ilibaki mikononi mwa Stubbs hadi mchoraji huyo alipofariki mwaka 1806. Leo iko Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, Marekani. Mlio na jamaa huko, waambieni waende wakaitazame.