Kidole, Mwanga na Marimba

Mbukwenyi! … Asanteni. Walioitikia vizuri ni wenyeji. Sisi wa kuja tutazoea.

Mfukoni nimekuja na kitu kimoja tu, hiki kibanio cha kidoleni, oksimita, kinachopima oksijeni kwenye damu. Enzi za korona kiliingia mpaka majumbani. Ndani mna vitaa viwili: kimoja cha mwanga mwekundu, nanomita 660 hivi, na kingine cha mwanga usioonekana kwa macho, kama nanomita 940. Upande wa pili kuna sensa. Damu iliyobeba oksijeni humeza mwekundu kidogo na ule mwingine zaidi. Iliyoishiwa oksijeni hufanya kinyume.

Lakini kidole si damu tupu. Kuna mfupa, nyama, kucha, na vyote vinameza mwanga. Utaitengaje damu? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani alikuwa na kipimo kingine kabisa, na mdundo wa mishipa ukawa unamharibia mstari wa grafu yake. Alipokuwa akitafuta namna ya kuuondoa, akagundua kwamba kero ile ndiyo jibu. Mfupa haudundi. Kinachopanda na kushuka kwenye mwanga ni damu ya ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo.

Sasa tupunguze ukubwa. Maabara zinatengeneza vipete vya silikoni vyenye upana wa makumi ya mikromita, juu ya chipu, na mwanga unazunguka humo ndani. Mwanga kidogo huvuja nje ya ukuta na kupapasa kilichoko jirani. Ukipaka kipete kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu maalumu, protini ya ugonjwa ikinasa, rangi ya mwanga inayokubali kuzunguka husogea kidogo kuelekea upande wa mwekundu. Wagogo mtanielewa upesi: bandika kipande cha nta chini ya ulimi wa marimba, sauti inashuka. Hujaiona nta, lakini umeisikia.

Arthur Ashkin wa Marekani alikwenda mbali zaidi: mwaka 1986 yeye na wenzake walionyesha kwamba mwale mmoja wa leza uliokusanywa na lenzi unaweza kushika chembe kama koleo. Nobeli aliipata 2018, akiwa na miaka 96. Kwa koleo hilo watafiti huvuta chembe nyekundu ya damu na kupima ugumu wake, na chembe iliyoingiwa na vimelea vya malaria huwa ngumu kuliko nzima. Ila leza ya namna hiyo na vumbi letu la Agosti havipatani, tusidanganyane.

Ndiyo maana narudi kwenye kibanio. Desemba 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Marekani. Walichukua vipimo ambavyo oksimita ilisoma asilimia 92 hadi 96, yaani hali si mbaya, wakavilinganisha na damu ya ateri. Vilivyokuwa chini ya 88 kwa kweli vilikuwa asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa weupe, na asilimia 11.7 ya vya weusi. Melanini, ile rangi ya ngozi, humeza mwanga, hasa ule mwekundu, na kifaa hugeuza mwanga kuwa namba kwa kufuata jedwali lililotokana na watu waliojitolea kupimwa. Miongoni mwao weusi walikuwa wachache.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, basi tusubiri watengenezaji warekebishe? Mimi nasema hapana. Vitaa hivi ni vya bei ndogo, sensa vilevile, na ngozi tunazo. Kazi ngumu ni kupata kipimo cha ateri cha kulinganishia, na hiyo ni kazi ya hospitali na wahandisi kukaa meza moja, wakiwa na kibali cha maadili mkononi.

Kwa leo siandiki namba ya mtu. Kibanio kianzie kwako dada wa mbele, kizunguke. Mwenye hina au rangi ya kucha abadilishe kidole. Navyo vinameza mwanga.