Kioo cha gari kimezama mlangoni, nimejitengenezea mwenyewe nyumbani

Mambo vipi familia, wakubwa wangu wote shikamooni, mnaoangalia kutoka Mwanza, Dar, Mombasa na kokote mlipo. Mimi niko hapa Minnesota, nje ni digrii 18 chini ya sifuri na gari yangu dirisha la dereva lilikuwa wazi siku tatu, yaani kioo kipo ila kimezama ndani ya mlango.

Ilikuwa hivi, nimeenda kutoa hela kwenye ile ATM unaifuata ukiwa ndani ya gari, nikabonyeza swichi kioo kishuke kikagoma, nikabonyeza tena na tena, kumbe usiku barafu imekigandisha kwenye raba. Nikasikia krak! kikadondoka chote na hakikupanda tena. Nimeendesha dakika 25 mpaka nyumbani upepo unanichapa, mkono wa kushoto siusikii.

Nikabandika nailoni na tepu, nikapigia gereji moja wakaniambia dola 420, mota mpya na ufundi, na gari hawajaiona jamani! Ndo nikampigia mjomba wangu Mwanza, huyu ni fundi umeme wa magari tangu mimi sijaanza shule. Akaniambia mjomba, washa swichi ya ufunguo, zima redio, weka simu mlangoni ubonyeze nisikie. Nikabonyeza, inalia nzzzz. Akasema mota nzima hiyo, usinunue mota, waya ndo umekatika.

Sasa muelewe kwa nini alijua. Mle ndani mota inazungusha kigurudumu kilichovingirishwa waya wa chuma, waya unavuta kishikio kilichobeba kioo, kinapanda na kushuka kwenye reli, na hiyo yote inaitwa regulata. Ukibonyeza ukasikia mota inazunguka ila kioo hakiendi, waya umekatika au kile kishikio cha plastiki kimepasuka. Ikiwa kimya kabisa anza na fyuzi, halafu swichi, halafu zile nyaya zinazopita kwenye raba kati ya mlango na bodi, zinakunjwa kila ukifungua mlango mpaka zinakatika ndani kwa ndani na kwa nje huoni kitu. Mota iwe ya mwisho, ipe volti 12 moja kwa moja uone kama inazunguka. Watu wananunua mota kwanza, hela inapotea bure na inaniuma kwa kweli.

Nikaagiza regulata tupu, dola 48. Nikachomoa negativu ya batri, nikasubiri kidogo maana magari mengine yana sensa ya eabegi mlangoni, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga. Skrubu zinajificha nyuma ya kitasa na chini ya pale unaposhika kuvuta mlango. Kava la ndani la mlango livute na kitu cha plastiki, na kama uko kwenye baridi lipashe moto kwanza, mimi klipu mbili zimekatika.

Ile nailoni nyuma ya kava, naomba sana, ibandue taratibu na uirudishe! Huko nyumbani nimeona magari mengi fundi ameitupa, masika yakija maji yanapita yanaingia kwenye kapeti, gari inanuka miezi na mwenyewe hajui sababu.

Kioo nikakipandisha kwa mkono, nikakifunga na tepu juu ya fremu kisidondoke, spana namba 10 nikafungua bolti, regulata ya zamani ikatoka, waya umechanika kama nywele, huu hapa mnauona. Mota ileile nikaihamishia kwenye mpya. Wakati wa kujaribu usiweke mkono ndani, na watoto wakae mbali, ile mota haina huruma na vidole.

Ukirudisha batri kioo kinaweza kugoma kupanda chenyewe kwa mguso mmoja, kipandishe mpaka juu halafu shikilia swichi sekunde chache. Reli za raba zifute upulize silikoni, oili ya injini hapana, inaharibu raba. Huku adui ni barafu, sasa hivi napasha gari kwanza ndo nibonyeze, ila huko kwetu ni vumbi, likijaa kwenye raba mota inavuta kwa shida mpaka inaungua.

Imechukua masaa matatu. Mjomba najua unaangalia, ngoja nisogeze simu hapa mlangoni, haya sikiliza... umesikia? Na sasa kinapanda... ahsante sana mjomba wangu.