Tonge Moja au Sahani Nzima?

ZUHURA: Karibuni tena. Kuna swali halikosekani jikoni: "Nimeonja kidogo tu, nitaumwa?" Kaka Elia, hicho kidogo ni kiasi gani?

ELIA: Inategemea kilichomo, dada Zuhura. Vijidudu vya shigela, vinavyoleta kuhara damu, 10 mpaka 100 tu vinaweza kumlaza mtu mzima. Kwa hivyo hata kulamba mwiko kunatosha. Vya kipindupindu huhitajika vingi zaidi, maana asidi ya tumboni huviua. Anayemeza dawa za kupunguza asidi huugua kwa vichache.

ZUHURA: Na vikishapenya vinazaana.

ELIA: Ndiyo, lakini sumu haizaani. Inakuumiza kwa kadiri ulivyomeza. Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu inayoota kwenye nafaka.

ZUHURA: Ile ya Ukambani, Kenya, mwaka 2004?

ELIA: Ileile. Watu 317 waliugua, 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu, yakawekwa ndani ya nyumba, kuvu ikaota. Kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa mikrogramu 20 kwa kilo. Kuna sampuli zilizofika 4,400.

ZUHURA: Subiri, tuipige hesabu hiyo. Mtu mzima wa kilo 60 akila ugali wa unga gramu 400 kwa siku?

ELIA: Anameza mikrogramu 1,760, yaani kama 29 kwa kila kilo ya mwili wake. Sasa chukua mtoto wa kilo 12, anayekula gramu 150 tu. Anapata 660. Gawa kwa 12.

ZUHURA: Hamsini na tano! Kala kidogo, kapata karibu maradufu.

ELIA: Na kesho anakula tena uleule, maana gunia ni hilohilo. Ini linaelemewa, macho yanakuwa ya manjano, tumbo linajaa maji. Mwaka 2016 yakatukuta hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Inaniuma sana, kwa sababu wale watu walikula chakula walichokilima wenyewe.

ZUHURA: Na wanaokula kiasi kidogo miaka nenda rudi?

ELIA: Hao hawaanguki ghafla. Hatari yao ni saratani ya ini, hasa mwenye homa ya ini aina ya B.

ZUHURA: Kina mama watauliza, tukiusonga ugali ukaiva sawasawa?

ELIA: Moto wa jikoni hauiondoi. Kukoboa kunapunguza, kwa hivyo sembe huwa na nafuu kuliko dona ya mahindi yaleyale. Kuchambua punje zilizooza kunapunguza pia. Ila kazi kubwa ni kukausha, tena juu ya turubai, si chini kwenye udongo.

ZUHURA: Na asiye na kipimo cha unyevu?

ELIA: Achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie mahindi na kijiko cha chumvi kavu, atikise vizuri, aache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, ayarudishe juani.