Kuiazima Sayansi Nguvu ya Kompyuta kwa Mstari wa Amri

Ndugu wasikilizaji, programu ya BOINC ilianzishwa mwaka 2002 na David Anderson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ili mtu yeyote mwenye kompyuta aweze kuwaazima watafiti nguvu ya mashine yake. Leo nitaeleza namna ya kuiendesha kwa amri za kuandikwa peke yake, kwa sababu kompyuta nyingi zinazofaa kazi hii ni zile zilizokwisha kuondolewa mezani, ambazo hazina skrini wala kipanya na hufikiwa kwa mtandao tu.

Kuisakinisha kwenye Debian au Ubuntu, ambayo ni mifumo ya uendeshaji ya Linux, hakuna ugumu: amri ni `sudo apt install boinc-client`. Baada ya hapo unajiandikisha kwenye tovuti ya mradi wa utafiti unaotaka kuusaidia, unapata ufunguo wa akaunti, kisha unaandika `boinccmd`, amri ya kuiongoza BOINC, yaani `boinccmd --project_attach` ukifuatisha anwani ya mradi na ufunguo huo. Ukinyimwa ruhusa, tazama faili `gui_rpc_auth.cfg` iliyo katika folda `/var/lib/boinc-client`, kwa kuwa ndimo nenosiri linamohifadhiwa. Mara nyingi inatosha kuingia katika folda hiyo, ukiwa na haki ya kuisoma faili, ndipo utoe amri.

Jambo ninalotaka tulizingatie zaidi ni muda wa kurudisha kazi. Andika `boinccmd --get_tasks` na utaona kila kazi na tarehe yake ya mwisho pamoja na kiasi kilichokwisha kufanyika. Tarehe hiyo ina uzito, kwa sababu miradi mingi hutuma kazi moja kwa kompyuta zaidi ya moja na kulinganisha majibu kabla ya kuyaamini. Mwaka 2010 mradi wa Einstein@Home, uliokuwa ukichambua data za darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ulitangaza kugunduliwa kwa nyota ya nutroni, yaani masalia mazito ya nyota kubwa iliyolipuka, inayozunguka takriban mara 41 kwa sekunde, na kompyuta zilizoibaini zilikuwa za watu wa kawaida wa Iowa, Marekani, na Mainz, Ujerumani. Anayechukua kazi asiirudishe huwachelewesha watafiti, na humchelewesha pia mwenzake asiyemjua, ambaye jibu lake limekwisha kufika na linasubiri la pili.

Kwa hiyo, penye umeme wa kukatika na bando la kuhesabu, nashauri tuchukue kazi chache kwa wakati mmoja. Katika faili `global_prefs_override.xml` weka `work_buf_min_days`, yaani siku za kazi za kuweka akiba, iwe 0.1, na `max_ncpus_pct` iwe 50 ili nusu tu ya prosesa zitumike na mashine isichemke, kisha andika `boinccmd --read_global_prefs_override` ili mabadiliko yaanze papo hapo. Umeme ukikatika si lazima yote yapotee, kwani programu nyingi za miradi huhifadhi hatua zilipofikia na kuendelea kutoka hapo.

Wapo wanaouliza kama utafiti huu unatuhusu. MalariaControl, mradi ulioongozwa na Taasisi ya Uswisi ya Tiba za Kitropiki ya Basel, ambayo ushirikiano wake na watafiti wa Ifakara, Tanzania, ni wa miaka mingi, ulitumia kompyuta za namna hii kukokotoa jinsi malaria inavyoenea na faida ya hatua za kuidhibiti. Nadhani jibu hilo linajitosheleza.

Ukiihitaji mashine kwa saa moja, `boinccmd --set_run_mode never 3600` huisimamisha kwa sekunde hizo, kisha inarejea yenyewe. Ukitaka kujitoa kabisa, usianze na `detach`, amri ya kujiondoa kwenye mradi. Andika `boinccmd --project`, anwani ya mradi, kisha `nomorework`, ili kazi mpya zisiletwe. Ziache zilizopo zimalizike na kupokelewa, na orodha ya `--get_tasks` ikiwa tupu ndipo uandike `detach`.